Jogoo wa Tano

Dada yangu Nadine alifungua mlango wa pikapu yangu saa kumi na moja alfajiri, akapanda, akaketi, akaurudisha mlango taratibu bila kuubamiza, na hakunisalimu. Nami sikumsalimu. Tulikuwa na miaka minne hatujasemezana, ingawa kutoka jikoni kwake moshi wa jiko langu unaonekana vizuri kabisa.

"Corinna aliniambia atakuja msaidizi wake," nilisema.

"Na mimi kaniambia hivyo hivyo. Angenitajia wewe, ningejifanya nimevunjika mguu."

"Hujachelewa. Shuka ukauvunje."

"Washa gari, Clell. Kunakucha."

Niliwasha gari. Si kwa sababu ameniamuru. Nadine ni mdogo wangu kwa miaka mitatu na hajawahi kuniamuru jambo nikalifanya. Niliwasha kwa sababu kweli kulikuwa kunakucha, na baada ya asubuhi hiyo hapakuwa na asubuhi nyingine.

Juu ya malisho yangu kuna uwanja ambao kuku wa seji huchezea ngoma yao kila Aprili. Ni ndege wa ukoo mmoja na kwale, wakubwa kuliko kuku wa nyumbani, wenye rangi ya vumbi, na hutaga chini kabisa, kwenye kivuli cha vichaka vya seji vilivyojaa vilimani kwetu. Nilipokuwa mtoto, baba alihesabu majogoo sitini pale kabla hajanywa kahawa. Nilipooa walikuwa thelathini. Baba alipokufa walikuwa tisa. Msimu ninaousimulia, hesabu ya kwanza ilitoa wanne. Ya pili iliharibiwa na theluji, hakuna aliyeona kitu. Kwa msimu mmoja hesabu ni tatu tu, na hii ilikuwa ya tatu.

Corinna Baca ndiye mtaalamu wa ndege hao, binti mwenye subira kuliko tunavyostahili. Asubuhi hiyo alikuwa ng'ambo ya milima, kwenye bonde kubwa ambako bado wako wa kutosha, na nyuma ya gari lake alikuwa na mitetea wanane ndani ya masanduku, kila mmoja na kola ya redio shingoni. Mitetea hao walikuwa waje kwetu siku ile ile, kwa sharti moja. Wakubwa wake walikuwa wameamua kwamba uwanja wenye majogoo chini ya watano umekwisha kufa, hata kama ndege bado wanacheza juu yake. Tukiona watano kwa wakati mmoja, mitetea wanakuja. Tukiona wanne, gari linageuza kwenda bonde jingine. Hapo pasingekuwa na mwakani, kwa sababu ndege wetu waliobaki wote walikuwa wa damu moja, wanapandana ndugu kwa ndugu, na mayai yalikuwa yanaharibika viotani. Corinna aliwahi kuniambia kwamba bila damu mpya nitakuwa nahesabu mazishi tu.

Niliwataka mitetea wale. Tangu mke wangu afariki sikuwa nimetaka kitu kwa kiasi kile, na nasema hivyo bila aibu. Nadine naye aliwataka vilevile, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba kati ya watu wote duniani ni yeye tu aliyekuwa na kiu yangu.

Fomu ya hesabu inataka sahihi mbili, na Corinna alikuwa amewafundisha watu wawili tu bondeni, mimi na dada yangu, kila mmoja kwa siku yake. Kuna sheria moja inayouma. Ukishaegesha kabla ya mwanga, mlango haufunguliwi mpaka ndege wa mwisho aondoke. Hushuki kukojoa. Huinui sauti. Ndege hawaliogopi gari, wanamwogopa mtu, na wakimwona amesimama wanaruka wote, na hesabu ya siku hiyo haina maana tena.

Niliegesha kwenye kijimwinuko, hatua mia moja na hamsini kutoka uwanjani, nikazima taa na injini. Baridi iliingia mara moja. Nadine akatoa chupa yake ya kahawa, akajimiminia, akaifunga tena.

"Kikombe ni kimoja," alinong'ona.

"Sijaomba."

"Hujawahi kuomba kitu maishani. Ndiyo sifa yako ya pekee."

Basi tukaanza. Sijui kama umewahi kugombana na mtu kwa kunong'ona. Inachosha koo na haitoi nafuu yoyote. Unataka kupiga dashibodi ngumi, unaikunja, halafu unairudisha pajani kama mtoto aliyekatazwa.

"Ule uzio wako," alisema.

"Nilijua! Nilijua jua halitachomoza kabla hujautaja."

"Kila nikiamka nauona. Nisiutaje?"

"Geuza kitanda, ulalie upande wa pili."

Baba alitugawia ranchi kwa wosia. Mimi nilipata juu, kwenye seji. Nadine alipata chini, kwenye majani mabichi ya mtoni, tunakokata nyasi za kulishia ng'ombe wakati wa baridi. Kuku wa seji hawakusoma wosia. Wanacheza kwangu, wanataga kwangu, halafu vifaranga wakianguliwa mama yao huwateremsha kwa Nadine wakale wadudu kwenye majani. Miaka minne iliyopita nilikata njia yao katikati kwa seng'enge ya miiba, nyuzi nne, maili moja na nusu, kutoka mwambani mpaka mferejini. Ng'ombe wangu hawakuhitaji uzio pale. Niliujenga kwa hasira, kwa sababu Nadine alimzika baba bila mimi.

"Nilikupigia simu mara sita," alisema, maana huko ndiko tulikokuwa tunaelekea, kila mmoja akiijua njia.

"Nilikuwa zizini, mkono wangu mzima uko ndani ya ng'ombe! Dhoruba ya siku mbili, Nadine. Ndama kumi na mmoja!"

"Na kaburi lilishachimbwa, na mchungaji ana safari, na udongo unaganda tena."

"Ungengoja siku moja. Baba hakuwa na haraka."

"Wewe ndiye hukuwa na haraka. Alilala hospitali wiki tatu, ukaja mara moja, ukanukisha chumba samadi, ukaondoka. Alikuwa ananiuliza, Clell yuko wapi? Nikawa namwambia uko njiani. Wiki tatu nzima uko njiani!"

Hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Mtu akikuchoma kwa ukweli unatafuta kisu chako haraka, na changu kilikuwa karibu.

"Na yule mtetea wa kola, mwaka jana?" nilisema.

Alikiteremsha kikombe.

"Ulimkata na vifaranga wake sita. Kola ilikutwa ndani ya furushi la nyasi. Baba angekuchapa mbele ya watu."

Kwetu hata mlevi anajua namna ya kukata nyasi za mtoni mwezi wa Julai. Ukianzia kando ukazunguka kuelekea katikati, kila kilichomo ndani kinaikimbia mashine kikiingia katikati, kwa sababu hakithubutu kuvuka mahali palipokwisha kukatwa. Mwisho kinabaki kipande kidogo cha majani marefu, na humo ndimo viumbe wote wamejibana. Baba alianzia katikati akitoka nje, na ndege walimtangulia mpaka wakafika salama kwenye seji. Nadine alijua. Alikaa juu ya mapaja ya baba kwenye trekta lile lile. Lakini kiangazi kilichotangulia, alianzia kando.

"Ili trekta lifike katikati ya shamba bila kuzilaza nyasi zote," alisema polepole, "linapita wapi?"

Niligeukia dirisha langu.

"Nakuuliza, bwana mkubwa. Linapita wapi?"

"Lango la mfereji, kwenye uzio wangu."

"Nani kalifunga mnyororo?"

"Ungeniomba ufunguo."

"Eh. Ningekuomba." Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akitazama kioo cha mbele ambacho kilikuwa bado cheusi. "Nilikaa juu ya trekta nikaliangalia lango lako, sijui nusu saa. Nilijua yumo. Corinna alishanionyesha kwenye redio, yumo na wanawe, palee kwenye matete. Ilikuwa nikupigie simu tu. Clell, nipe ufunguo. Maneno matatu. Nikaona heri nife. Nikaanzia kando."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika ukoo wetu hakuna mgongo unaopinda. Nilipaswa kusema kitu cha kibinadamu pale. Badala yake nilinong'ona, "Angalau sasa umekiri," naye akanigeuzia uso nikaona jinsi anavyonichukia. Sikumlaumu.

"Mimi nimekiri," alisema. "Wewe je? Vile vibao viko wapi?"

Corinna alikuwa amempa mfuko wa vibao vyeupe vya plastiki vya kubana kwenye seng'enge, ili ndege anayeruka chini kabla hakujapambazuka auone waya. Nadine aliuleta, akaurusha juu ya uzio, akarudi kwake bila kusema neno. Nami nilisema moyoni kwamba anayetaka nimfanyie kazi aje anigongee mlango. Mfuko ulikaa pale ulipoangukia mwaka mzima.

"Viko salama," nilisema.

"Ndani ya mfuko."

"Ndani ya mfuko."

"Mungu atakuuliza, wewe mzee."

"Ataanza na wewe. Umri si foleni."

Hapo ndipo tulipowasikia. Sauti ya kuku wa seji haifanani na ya ndege mwingine yeyote. Jogoo anajaza hewa kifuani mpaka vinatokeza vifuko viwili vya njano, anavitikisa, navyo vinalia kama maji yanayotoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, mara tisa mfululizo. Mkia umesimama kama miiba ya nungunungu, na kisogoni ana manyoya marefu meusi anayoyarusha mbele kila akijitikisa. Baba alikuwa akisema ni mwanamume anayekwenda kuposa na hajui nyumba ni ipi.

Mwanga ulikuja polepole. Nadine alishika darubini, mimi nikashika yangu, na kwa mara ya kwanza tukafanya kazi pamoja.

"Mmoja penye jiwe," alisema.

"Ninaye."

"Wa pili kushoto kwake. Wa tatu yule pale nyuma, kainama."

"Nimemwona. Wa nne pembeni kabisa, penye theluji."

"Wanne," alikubali.

Tuliupekua uwanja kipande kwa kipande, kwenda na kurudi. Wanne. Mtetea hata mmoja hakuwapo. Walikuwa wanacheza mbele ya nyasi.

"Mzee hajafika," nilisema. Sote tulimjua jogoo huyo. Alikuwa na unyoya mmoja wa mkia uliopinda, na kila siku alichelewa.

"Yuko hai. Jana jioni nilimwona chini kwangu, pembezoni mwa majani."

"Basi anakuja."

"Anakuja," alisema Nadine. Kisha akaongeza, kwa sauti iliyobadilika, "Anakuja kutokea kwangu."

Nilielewa. Kati ya majani yake na uwanja wangu kulikuwa na waya, na waya haukuwa na kibao hata kimoja. Miaka minne ndege huyo aliupita juu. Nilijiambia ataupita tena, nikashika usukani wa gari lililozimwa.

Alitokea jua lilipogusa kilele cha mwamba, akiruka chini chini, mzito, anapiga mabawa na kuteleza, anapiga na kuteleza. Nadine alisema "Tano!" karibu kwa sauti kubwa, akanishika mkono. Sijui kama alijua kuwa ni mkono wangu. Kwa muda wa pumzi mbili tulikuwa na majogoo watano machoni, wanne wanacheza na mmoja anakuja, na nilifurahi kiasi cha kutaka kucheka.

Kisha akagonga uzi wa tatu. Waya ulilia mpaka tukausikia ndani ya gari.

Hakufa. Bawa lilikuwa limenaswa na mwiba, naye akawa ananing'inia, anapigapiga, anatulia, anapigapiga tena. Nadine aliuachia mkono wangu, akashika kitasa cha mlango. Nilimdaka kifundo cha mkono.

"Ukifungua wote wanaondoka. Wanne wanakuwa sifuri."

"Ananing'inia, Clell!"

"Ninaona."

"Niachie."

"Tuna hesabu, Nadine."

"Uzio wako," alinong'ona, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Uzio wako, uzio wako, mbwa wewe."

Aliondoa mkono kwenye kitasa. Tulikaa. Tulikaa dakika hamsini, na kwa muda wote huo hatukuweza kufanya chochote isipokuwa kutazama. Wale wanne hawakujali. Waliendelea kutikisa vifua, na mara moja, katikati ya vilio vyao, yule wa kwenye waya alisikia wenzake akajaza kifua chake. Vifuko vya njano vilitokeza akiwa amening'inia upande, vikalia mara mbili tatu, vikanywea. Nimeona ng'ombe wakifa kwa kila namna, lakini nilifumba macho.

Nadine aliiweka fomu juu ya goti. Palikuwa na mraba mmoja wa kujaza: idadi kubwa zaidi ya majogoo hai walioonekana kwa wakati mmoja. Alichukua penseli, akaiweka juu ya mraba ule, haigusi karatasi, na akatazama mbele.

Alikuwa hai. Tulimwona, sote wawili, pamoja na wanne wengine. Hata sasa sidhani kama tano ingekuwa uongo. Na nilijua la kusema, nilikuwa nalo kinywani, limeshapangwa: andika tano, tafadhali, uzio nitaushusha kabla ya saa sita. Kipande kinachoupita uwanja hakizidi hatua mia tatu. Nina plaizi kwenye sanduku la gari. Mitetea wangefika alasiri na kukuta njia wazi.

Penseli ilikuwa bado hewani.

"Andika unachotaka," nilisema. "Siku zote unafanya unachotaka."

Aliandika nne.

"Yule si wa uwanja," alisema. "Yule ni wa uzio wako."

Akatia sahihi, akanipa. Ningeweza kukataa. Nilitia sahihi yangu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Ndege wa mwisho aliondoka saa moja na nusu. Nadine alimpigia Corinna simu akiwa bado amekaa, akaiweka kwenye spika.

"Wanne?" alisema Corinna. Nyuma yake tulisikia masanduku yakikwaruzwa. "Mna hakika? Hakuna hata aliyepita kidogo? Bi Nadine, Bwana Clell, niambieni vizuri, maana nikishageuza gari siwezi kurudi. Hawa hawavumilii masanduku."

Nadine alinitazama. Hakunitazama kwa chuki wakati huo, nakumbuka vizuri. Alikuwa amefungua mdomo kidogo.

"Wanne," nilisema mimi, kabla hajatoa sauti, kwa sababu sikutaka aone kwamba niko tayari kuomba.

"Haya," alisema Corinna. "Asanteni kwa kuamka mapema."

Tulishuka, tukateremka mpaka kwenye waya. Jogoo alikuwa bado anahema. Nadine alimnasua bawa, akamshika kama tunavyoshika kuku wa nyumbani, akamvunja shingo kwa mara moja, akamtia ndani ya koti lake. Kisha akataka kwenda kwake, na njia fupi ilikuwa kupita pale pale.

Kwetu mtu akitaka kupita kwenye seng'enge, unakanyaga uzi wa chini na kuinua wa juu yake, apite. Unamfanyia jirani, unamfanyia mgeni, unamfanyia hata mtu unayemshuku kwamba aliiba ndama wako. Hakuna anayefundishwa, mkono unakwenda wenyewe. Nadine alisimama pale akangoja. Mikono yangu ilikuwa mifukoni. Nikaiacha huko. Akalala chini kwenye tope la theluji, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, akiwa amemkumbatia ndege, akajiviringisha chini ya waya, akainuka upande wa pili na kuondoka bila kujipangusa.

Nilisimama pale mpaka alipoingia ndani kwake. Ndipo nikaenda kuchukua plaizi.

Uzio wote niliung'oa kwa siku nne, peke yangu. Mnyororo wa lango niliukata. Sikumwambia, na yeye hakuniuliza. Julai ilipofika niliona trekta lake likipita langoni, likaenda moja kwa moja katikati ya shamba, na likaanza kukata kutoka ndani kwenda nje, vizuri kabisa, kama baba. Nilitazama tangu asubuhi. Hakuna kilichokimbia mbele yake isipokuwa sungura.

Mwaka uliofuata walikuja majogoo watatu. Mwaka uliofuata wawili. Corinna alihamishiwa kwingine, na aliyemrithi hana haja na uwanja wetu, ila bado anatuma fomu, na fomu bado inataka sahihi mbili. Kwa hiyo mwaka huu pia Nadine alipanda gari langu. Ana vikombe viwili siku hizi. Hatuzungumzi sana.

Alikuja mmoja. Alitua katikati, akatazama huku na huku, akasimamisha mkia. Akajaza kifua, akalia mara tisa. Akangoja. Akageukia upande mwingine, akalia mara tisa tena.

"Siku ile," alisema Nadine, "ungesema tafadhali tu, ningeandika tano."

"Najua."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe uandike bila kuombwa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Jogoo aliendelea kucheza mpaka jua likapanda juu ya mwamba, akiwageukia pande zote mitetea ambao hawakuwapo, na sisi wawili tukakaa tukimtazama kwa adabu, kama watu waliochelewa kufika kwenye mazishi.